Mkono wa Kaspul

Pia ya mti ilipopaa watu walinyamaza. Ilipotua ndipo kelele zilipoanza.

Ilikuwa alasiri ya kiangazi katika kijiji cha Lendang Bao, mpunga umeshavunwa, mabua yamekauka, na wanaume wa vijiji viwili wameuzunguka uwanja wa udongo mgumu. Zamu ya kutupa ilikuwa ya Jumahir wa kijiji jirani cha Montong Rempung. Pia yake ilikuwa kipande cha mkwaju kizito kama jiwe la kusagia, kimevishwa pete ya chuma, nayo ilishuka kutoka juu ya bega lake ikiiacha kamba nyuma ikilia. Ikaigonga ubavuni pia ya Nurasip wa Lendang Bao, iliyokuwa imesimama katikati ya uwanja ikizunguka kimya kama imelala. Pia ya Nurasip ikang'oka ardhini, ikavuka mstari wa chokaa, ikawaendea watazamaji.

Kaspul, mdogo wake Nurasip, alikuwa amechuchumaa ukingoni. Aliinua mkono wa kulia kuukinga uso. Uso ukapona.

Alipouteremsha ule mkono, vidole viwili vilikuwa vimeelekea upande usio wake, na mfupa mweupe umechungulia penye ngozi iliyopasuka. Damu haikutoka mara moja. Kaspul aliutazama mkono kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha mwenzake akishike kidogo. Kisha damu ikaja, nyingi, ikamchuruzikia hadi kwenye kiwiko.

"Kaka," alisema taratibu, "nitapigaje filimbi?"

Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa wote walijua filimbi ilikuwa nini kwake. Wacheza pia wa pande zile hawana pendo moja. Msimu wa pia ukiisha, mikono yao haitulii. Kila mmoja ana jambo lake la pembeni, na pengine hilo la pembeni ndilo linalomkosesha usingizi zaidi. Saprudin, mwenzake Jumahir, alifuga tetere wa kuimba, akawaogesha kwa maji ya uvuguvugu na kuwasemesha kwa upole ambao mkewe hakuwahi kuusikia. Nurasip alipiganisha samaki, wale wadogo wenye mapezi kama vitambaa vya hariri, mmoja katika kila chupa. Kaspul alipiga filimbi ya mwanzi. Akiipiga harusini, wapishi walisahau sufuria zikaungua.

Na Jumahir, akiweka pia chini, alishika fimbo.

Ule mchezo wa fimbo, peresean, wanaume wengi huuonja mara moja wakaacha. Watu wawili vifua wazi, kilemba kichwani, mkono mmoja fimbo ya henzirani na mwingine ngao ya ngozi ya nyati, wanachapana kuanzia kiunoni kwenda juu mpaka kichwa cha mmoja kitoe damu au raundi ziishe. Kisha wanakumbatiana, na kinyongo chote kinabaki uwanjani. Jumahir hakuuacha. Mgongo wake ulikuwa na mistari ya zamani na mipya, imepitana kama nyuzi za mkeka. Seriasih, mkewe, alizoea kusema, "Wenzangu wanakunja mashati ya waume zao. Mimi nakunja bandeji."

Basi pale uwanjani, Nurasip alimshika mdogo wake kiunoni, akafunga ule mkono kwa kilemba chake mwenyewe, akauinua uso.

"Umekusudia!" alimwambia Jumahir.

Jumahir alifungua mdomo. Kabla hajatupa, Nurasip alikuwa amemtania mbele ya umati, akimwita kwa jina la mwanawe, Amaq, yaani baba: "Amaq Rustini! Tupa basi, au unamngoja mama Rustini aje akushikie kamba?" Watu walikuwa wamecheka mpaka wengine wakashikana mabega. Naye alikuwa ametupa huku damu inamchemka, kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Je, alikusudia? Alikusudia kitu, ndiyo. Akawa anatafuta namna ya kulisema hilo, na katika kutafuta akakawia. Kule kukawia watu wakakuona.

"Mwangalieni! Ameshindwa hata kukana!"

Jiwe la kwanza lilimpita sikioni. La pili lilimpiga Saprudin mgongoni, puu, akaguna kama ng'ombe. Saprudin alimkamata Jumahir mkono, akamburuta hadi kwenye pikipiki.

"Panda! Panda, mwanaharamu wee, watatuua!"

"Pia yangu imebaki."

"Ibaki! Utachonga nyingine. Kichwa utachonga?"

Waliondoka mawe yakigonga kikingatope cha gurudumu la nyuma.

*

Hospitali ya mjini ilimkata Kaspul vidole viwili. Cha tatu kilichoumia pamoja navyo kilibaki, ila kilikauka kama mzizi, hakikunjiki. Jumahir alipopata habari hizo hakula siku ile. Kesho yake Seriasih akafunga kahawa, sukari na mchele mpya kwenye kitambaa, wakaenda wote wawili Lendang Bao kuomba radhi, kama inavyopasa.

Nurasip aliwapokea langoni. Hakuwakaribisha ndani. Alikipokea kile kitambaa kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akakifungua, akaimimina sukari chini mavumbini. Akaimimina kahawa juu yake. Mchele aliutupia kuku.

"Mwenye kovu usidhani kapoa," alisema. "Na sisi bado hata kovu hatuna, tuna kidonda."

"Nurasip, ndugu yangu, nimekuja kwa miguu yangu."

"Basi rudi kwa miguu hiyohiyo, ukiwa bado unayo."

Seriasih akamvuta mumewe shati. Walipogeuka, Jumahir aliona pazia la dirisha limesogea kidogo, halafu likarudi. Hakumwona Kaspul. Wala, kusema kweli, hakumwulizia.

Wiki zikapita. Saprudin, ambaye biashara ya tetere ilimpitisha vijiji vyote, ndiye aliyekuwa akileta habari.

"Nurasip amewamwaga samaki wake kwenye mfereji," alisema siku moja, akichuchumaa mbele ya kiwanda kidogo cha Jumahir cha kuchongea pia. "Wote. Hata yule mwekundu."

"Kwa nini?"

"Hana muda nao. Anapiga migomba."

"Anapiga migomba?"

"Kwa henzirani. Nyuma ya nyumba, asubuhi na jioni. Migomba yote imebaki nyuzinyuzi. Jirani yake ananiambia anaipa jina kabla ya kuipiga." Saprudin akakohoa. "Sitakwambia ni jina gani."

Jumahir aliendelea kuchonga. Patasi ikateleza, ikamkata kidole gumba. Akakinyonya, akatema damu, akaendelea.

*

Mvua mwaka ule zilichelewa. Tumbaku ilisinyaa mashambani, visima vikaanza kutoa maji mekundu. Wazee wa Lendang Bao wakaitisha peresean ya kuombea mvua, maana kwa kauli za wahenga wao damu ya wanaume ikidondoka juu ya ardhi, mbingu huona haya ikajibu. Mwalimu wa dini alikuwa hapendi kauli hiyo, lakini siku ya mchezo alikuja akakaa kivulini kama watu wengine.

Asubuhi yake Seriasih alimkuta mumewe anapaka mafuta mabega.

"Unakwenda."

"Ninakwenda."

"Yule mtu anataka kukuua, baba Rustini."

"Hataki kuniua. Anataka damu. Nitampa. Nitasimama pale anipige mpaka kichwa kipasuke, tukumbatiane, yaishe. Itakuwa haki."

Seriasih alikuwa na bakuli la mboga mkononi, majani ya kangkung na pilipili ya kusaga. Akaliweka chini kwa kishindo.

"Damu yako si sukari ya kumpelekea mtu kwenye bakuli, akipenda ameipokea, asipopenda ameimwaga. Nani kakwambia ataitaka kwa namna unayompa wewe?"

Jumahir alimaliza kupaka mafuta. Alifunga kilemba, akatoka. Nyuma yake alimsikia mkewe anahesabu bandeji kwa sauti, kwa hasira, kama anayehesabu makosa yake.

Uwanja ulikuwa umefurika. Ngoma na upatu vilikuwa vinarindima, zumari inachachua watu, akina mama wameketi mbele kabisa na vikapu vya karanga. Mwamuzi alikuwa Amaq Gerung, mpiganaji wa zamani ambaye pua yake ilikuwa imelala shavuni tangu ujana. Mapambano matatu yalikuwa yameshapita, na mchanga ulikuwa na madoa, Nurasip alipoingia katikati. Alikuwa amekonda. Mikono ilikuwa imejaa mishipa. Akamnyoshea Jumahir fimbo bila kusema kitu.

Amaq Gerung aliwatazama wote wawili, akatikisa kichwa.

"Hamlingani. Huyu ni mkongwe wa fimbo, wewe jana umeacha kuchezea chupa za samaki."

Watu wakaangua kicheko. Nurasip hakucheka.

"Tunalingana kwa jambo jingine, Amaq. Unalijua."

Amaq Gerung akamgeukia Jumahir. "Unasemaje? Ukikataa si aibu."

"Nimekubali."

"Sikilizeni basi. Chini ya kiuno, hapana. Kuchoma kwa ncha, hapana. Aliyeanguka haguswi. Kichwa kikitoa damu, mwisho. Mnanisikia? Mimi hii pua sikuipata msikitini."

Filimbi ya mwamuzi ikalia.

Nurasip alikuja kama aliyeachiliwa kutoka kamba. Hakucheza ngoma, hakuzunguka, hakutania kama wapiganaji wanavyofanya. Pigo la kwanza lilipita juu ya ngao likamshukia Jumahir begani, na ngozi ikafunguka kwa mstari mrefu. La pili likamzunguka ubavuni. Henzirani hujikunja, mpigaji yuko mbele, maumivu yanatokea mgongoni. Jumahir aliinua ngao pale tu ilipobidi, akaiacha ishuke. Alirudisha mapigo mawili matatu mepesi, ya kugonga ngozi ya nyati ili watu wasikie mlio. La tatu, la nne, la tano yakamshukia mgongoni. Alihesabu mpaka hapo, kisha hakuweza tena. Aliuma meno, akawa anasema moyoni: chukua, chukua.

Raundi ikaisha. Saprudin akamwagia maji.

"Unafanya nini wewe? Umekuja kupigana au kunyoshwa mgongo?"

"Niache, Sap."

"Watu wanaona! Hata mama wa karanga ameona!"

Raundi ya pili ilikuwa hivyohivyo. Kifua cha Jumahir kikawa na mistari iliyovimba kama vidole. Akainamisha kichwa kidogo mbele, akakitoa. Alikuwa anamkaribisha. Fimbo ya Nurasip ikapanda juu, na hapo juu ikakwama.

Nurasip akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa anahema, jasho linamdondoka kwenye ndevu. Alitazama ile ngao iliyoshushwa, kile kichwa kilichoinamishwa, na uso wake ukabadilika ukawa wa mtu aliyetukaniwa mamake.

"Unanihurumia?"

Jumahir aliiacha ngao palepale ilipokuwa.

"Umemvunja mdogo wangu, halafu unanihurumia mbele ya watu? Unanipa? Mimi ombaomba?" Akatema mate, yakamshukia Jumahir kifuani, juu ya damu. "Mlikuja wawili na sukari. Leo umekuja na mgongo. Nipige, mwanamke wee! Nipige nami nikupige, au urudi kwa mkeo akakushikie kamba!"

Ngoma zilikuwa zimepunguka. Maneno yale yalisikika mpaka kwenye kivuli cha mwalimu wa dini. Kisha Nurasip akachapa chini ya ngao, kwenye paja, pigo la haramu, na Amaq Gerung akapiga filimbi, na raundi ikafungwa kwa zogo.

Jumahir alikaa kwenye gunia. Alikuwa ameielewa sauti ya Seriasih ya asubuhi, na kilichomkera zaidi ni kwamba mke wake alikuwa sahihi hata kabla ya chai. Alisimama kabla filimbi haijalia.

Hapo ndipo Jumahir alipopigana.

Alipiga bega la fimbo la Nurasip, akapiga tena palepale, na tena palepale, kama mtu anayekata mti kwa kufuata jeraha moja. Nurasip akabadili mguu. Fimbo ikamsubiri upande wa pili. Ngao za ngozi zikalia, upatu ukalia, watu wakasimama wote. Nurasip hakuwa mtu wa migomba tu. Alipata nafasi, akampasua Jumahir mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo, na Jumahir akasikia kitu kinapanda kifuani ambacho hakukitegemea. Ilikuwa furaha. Ile furaha ya siku zote, ya fimbo kulia na mwili kujibu. Aliionea haya, lakini haikuondoka. Akawa anacheka huku damu iko menoni.

Nurasip alimwona anacheka. Akaruka mbele, ngao wazi.

Henzirani ya Jumahir ilishuka katikati ya kilemba.

Kilemba kikafumuka. Kwa kitambo cha pumzi moja utosi wa Nurasip ulionekana mweupe, umegawanyika kama embe lililopasuliwa kwa kisu, kisha damu ikajaa, ikamwagikia macho, pua, ndevu, ikamdondokea tumboni. Akapiga goti. Amaq Gerung akajitupa katikati, mikono juu.

"Imetoka! Imetoka! Mwisho! Kumbatianeni!"

Jumahir akatupa fimbo, akatupa ngao. Akamwinamia, mikono wazi. Nurasip aliiangalia ile mikono kupitia utando wa damu, akaisukuma. Jambo hilo halikuwa limewahi kuonekana katika uwanja ule. Watu wakaguna. Jumahir akabaki ameduwaa, kisha akageuka aende zake.

Hakuona pigo. Alisikia tu kishindo ndani ya kichwa, kama mlango mkubwa umefungwa, na baada ya hapo upande wa kushoto wa dunia ukanyamaza. Akaanguka kifudifudi, mchanga kinywani. Nurasip alikuwa juu yake anachapa, mgongo, shingo, popote, na kwa kila pigo alikuwa anataja jina la mdogo wake.

Watu wa Montong Rempung wakavunja kamba wakaingia. Wa Lendang Bao nao wakaingia. Ngao zikawa silaha, vigoda vikaruka. Saprudin alimshika mtu koo, mtu mwingine akampiga Saprudin na upatu usoni, jino likatoka. Panga moja likang'aa mahali fulani, mwanamke akapiga ukemi. Amaq Gerung alikuwa analiza filimbi ambayo hakuna aliyeisikia.

Kaspul alipita katikati ya zogo lile bila kukimbia. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Kwa wa kushoto aliokota fimbo aliyoitupa Jumahir, akafika alipo kaka yake, akamchapa mdomoni.

Mlio ule ulikuwa tofauti na milio mingine. Nurasip akasimama kama aliyevutwa kamba. Walio karibu wakasimama. Ukimya ukaanzia hapo katikati ukasambaa kwenda nje, mpaka hata waliokuwa wameshikana makoo wakawa wanatazama.

"Mkono ni wa nani?" Kaspul aliuliza.

Nurasip alishika mdomo, damu inapita katikati ya vidole. "Kaspul…"

"Nakuuliza, kaka. Huu mkono ni wa nani?"

"Ni wako."

"Ni wangu. Nilifikiri ni wako. Umemwaga samaki kwa ajili yake, umeua migomba kwa ajili yake, kijiji kizima kinauzungumza. Tangu nikatwe vidole hujaniuliza hata siku moja naumwa wapi." Sauti yake ilikuwa haijapanda. "Ninapolala chumba cha pili, nakusikia unavyochapa huko nje, na ninajua huchapi kwa ajili yangu. Unajichapia mwenyewe."

Akamgeukia Jumahir, aliyekuwa amejiinua hadi magotini.

"Na wewe, Amaq Rustini. Ulikuja na sukari kwa kaka. Umekuja leo na mgongo kwa kaka. Kwangu ulikuja lini?"

Jumahir ilimbidi ageuze sikio la kulia ili amsikie.

"Sikuja," alisema.

"Simama."

Akasimama. Saprudin, mdomo umejaa damu, akataka kuja. Amaq Gerung akamzuia kwa kiganja kifuani. Jumahir aliiacha mikono ining'inie.

Kaspul akachapa. Pigo lilishuka kwenye mtulinga wa kulia, na mfupa ukavunjika kwa mlio wa kijiti kikavu. Wanawake wakaziba macho. Kaspul akachapa tena, na tena, mapigo ya mkono usioijua kazi. Mengine yalimpata Jumahir shingoni na mkononi, mengine yalichapa vumbi. Fimbo ilikuwa inamponyoka, anaishika, inamponyoka. Alikuwa analia sasa, kamasi zinamtoka kama mtoto. Hakuna aliyemzuia. Jumahir hakuinua mkono, na safari hii hakuwa anampa mtu kitu. Alisimama tu kwa sababu aliambiwa asimame.

Kaspul aliacha alipochoka. Fimbo aliiangusha, akapita katikati ya watu, nao wakamfungulia njia.

*

Zahanati ilikuwa na benchi moja, na muuguzi mmoja, mama mnene aliyeitwa Baiq Suharni, ambaye alikuwa ameshawashona watu sita kabla yao.

"Mnaombea mvua, mnaniletea damu," alisema, akivuta uzi. "Mbinguni wameshachoka nanyi, na mimi nimeshachoka nanyi. Dawa ya ganzi imebaki ya mtu mmoja. Nani ana kidonda kikubwa?"

Jumahir alimwonyesha Nurasip kwa kidevu. Nurasip akamwonyesha Jumahir.

"Wa kichwa," Baiq Suharni akaamua. "Na mdomo nao tutaushona mkavu, ili siku nyingine ujue kuufunga. Wewe mwenye bega, mkono wa kushoto mzima?"

"Mzima."

"Mshike kichwa. Akitikisika nitamshona jicho."

Kwa hiyo Jumahir alikaa nyuma ya Nurasip kwenye lile benchi, akamshika paji la uso kwa kiganja cha kushoto, akakibana kile kichwa kwenye kifua chake kilichopasukapasuka. Sindano ilipoingia mdomoni Nurasip aliguna, mwili mzima ukakakamaa, na ukakamavu huo ukapita hadi kwenye mtulinga uliovunjika. Wote wawili wakatoa machozi, kila mmoja kwa lake.

"Unanuka," Nurasip alisema, uzi ukining'inia mdomoni.

"Nyamaza!" akafoka muuguzi.

Sindano ikaingia tena, ikatoka. Baiq Suharni alipokwenda kuchemsha vifaa, hakuna aliyesogea. Jumahir hakuuondoa mkono.

"Ulikusudia?" Nurasip aliuliza. Safari hii aliuliza kweli, kwa sauti ya mtu asiyejua jibu.

Jumahir hakusikia vizuri. Akamwomba arudie, naye akarudia.

"Nilikusudia pia yako. Nilitaka niipasue vipande viwili watu wakucheke wewe badala yangu. Kaspul sikumwona. Sikuwa ninaangalia mtu."

Nurasip aliugusa uzi wa mdomoni kwa ncha ya kidole.

"Mimi nilimwona," alisema hatimaye. "Alikuwa amekaa karibu mno na mstari. Nilitaka kumwambia arudi nyuma. Halafu nikaona ni bora nikutanie kwanza."

Nje, watu wa vijiji viwili walikuwa wamekaa pande mbili za barabara wakisubiri wagonjwa wao, hawasemezani. Mvua haikunyesha siku ile, wala wiki ile.

Mfupa wa Jumahir uliunga vibaya. Bega lilibaki limeinuka upande mmoja, na mkono wa kulia haukupanda tena juu ya sikio. Sikio la kushoto nalo halikurudi kusikia. Fimbo aliwapa wengine. Saprudin alimletea tetere mmoja ili apate jambo la kumshughulisha, akasahau kwamba upande aliotundika tundu ulikuwa ule usiosikia. Seriasih alilihamisha bila kusema neno.

Kabla ya hayo yote, mkono ukiwa bado umefungwa shingoni, Jumahir alikwenda Lendang Bao peke yake, mikono mitupu. Nurasip alikuwa langoni, mdomo umevimba. Walitazamana. Nurasip akasogea, akaacha njia.

Kaspul alikuwa uani ameketi kwenye mkeka, ana kikombe cha kahawa. Hakusimama.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sikuja kuomba hilo."

"Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukuuliza unaumwa wapi."

Kaspul alimtazama kama anayetafuta dhihaka usoni mwake. Hakuiona. Akausogeza mguu wake kidogo, mkeka ukapata nafasi ya mtu. Jumahir akakaa upande wa kushoto wa mwenyeji wake, ili sikio zima limwelekee.

"Naumwa vile visivyokuwapo," Kaspul alianza. "Kikiwapo kibaridi cha alfajiri, vinauma vile viwili walivyovitupa hospitali. Nakunja ngumi, vinakataa kukunjika. Vimebaki vimenyooka hukohuko viliko…"

Alizungumza mpaka kahawa ikapoa. Mambo mengine alikuwa hajayasema hata kwa nafsi yake, na mengine yalikuwa matusi, nayo aliyasema yote. Jumahir hakumkatiza.